Kidole cha Verlin Teague

Ijumaa tarehe 28 Juni 2024, saa kumi kamili alasiri, Verlin Teague atatundika aproni yake kwenye msumari wa tatu kutoka mlangoni na kuondoka katika Karakana ya Pruitt, hapa Oildale, baada ya utumishi wa miaka thelathini na minane, miezi miwili na siku kumi na moja. Hesabu hiyo ameifanya mwenyewe, na ameihakiki mara tatu.

Mnaomfahamu mmeshacheka. Msiomfahamu, vumilieni kidogo.

Corliss Pruitt, mwenye karakana, aliniomba mimi niandike wasifu huu kwa jarida letu kwa sababu ndimi niliyekaa na Verlin muda mrefu kuliko wote waliobaki. Ni miaka ishirini na tisa sasa, yeye akifunga injini kwenye meza yake na mimi nikichonga bloku za injini kwenye mashine zilizo nyuma ya ukuta. Corliss alinipa orodha ya mambo ya kutaja, ukurasa mzima. Nimejitahidi kuyataja. Moja limenishinda, nalo ndilo lililofanya maandishi haya yawe marefu kuliko nafasi niliyopewa.

Verlin alizaliwa ng'ambo ya mto, umbali wa dakika tano kutoka hapa, mtoto wa fundi wa pampu za mafuta. Tangu utotoni baba yake alimzungusha visimani akimfundisha kusikiliza: pampu hii beringi imechoka, ile mkanda umelegea. Alipokuja kwa marehemu Harlan Pruitt, babake Corliss, kuomba kazi mwaka 1986, Harlan hakumwuliza cheti. Alimmwagia mezani vipande vya injini ya Ford ya zamani na kumwambia, "Funga." Verlin aliifunga kwa siku moja na nusu, kisha akaomba radhi kwa sababu boliti moja ilibaki. Harlan ndiye aliyeitia boliti hiyo makusudi. Kazi akaipata.

Tangu hapo amefunga injini elfu moja mia tatu na sabini na mbili. Kumi na tisa kati ya hizo zimeweka rekodi kwenye ziwa kavu na kwenye njia za mbio za robo maili. Nyingi zaidi zimekaa tu chini ya boneti za magari ya zamani, ya mwaka 1932 na 1940, yaliyopunguzwa paa, yaliyopakwa rangi za kung'aa, yanayotoka Jumapili asubuhi na kurudi kabla ya jua kuwa kali. Verlin hakuwahi kubagua. Injini ya mshindi na injini ya mzee anayekwenda kunywa kahawa alizifunga kwa mkono uleule.

Na alizipima. Hapa ndipo jina lake la utani, Bwana Mara Tatu, lilipotoka. Verlin hupima kila kitu mara tatu, kwa vipimo vitatu tofauti, na huandika namba zote tatu. Corliss alipotimiza miaka arobaini, Verlin ndiye aliyekata keki, na aliikata kwa kipimo cha mkononi, vipande kumi na kimoja. Hakuna aliyeweza kulalamika kwamba mwenzake kapata kikubwa. Vijana walioajiriwa miaka ya karibuni humwigiza: wanaushika mkate wao mchana, wanaupima, wanautazama, wanaupima tena. Verlin hucheka nao. Mimi nilikuwa nikitoka nje.

Umaarufu wake wa pili ni cheni. Kwa wasio mafundi: ndani ya injini krenki iko chini na kamshafti iko juu, na lazima kiwepo kitu mbele cha kuziunganisha ili vali zifunguke kwa wakati wake. Unaweza kutumia cheni, au unaweza kutumia gia zinazoumana meno kwa meno. Cheni ni kimya lakini hulegea kadiri inavyotumika. Gia hazilegei, na zinalia: mluzi mwembamba unaopanda na kushuka na mguu wa dereva, sauti ambayo watu wa magari haya huifuata kama watoto wanavyofuata gari la aiskrimu. Kila wiki hapakosi mteja anayeingia akitaka gia kwa ajili ya mlio huo. Kila wiki Verlin humkalisha kwenye kiti cha plastiki na kumpa somo.

"Gia inapeleka kila kishindo cha krenki moja kwa moja juu kwenye kamshafti. Cheni inakimeza," atasema. "Ikilegea, badilisha. Kwani viatu hubadilishi?"

"Lakini ule mlio, mzee wangu!"

"Unataka mlio? Nunua filimbi."

Bwana mmoja alisafiri kutoka Fresno mchana wa jua la Agosti kuja kuagiza gia. Aliondoka na cheni na akamshukuru Verlin kwa kumfungua macho. Ndiyo maana orodha ya Corliss ilisema, kwenye mstari wa nne: "Mfalme wa Cheni tangu siku ya kwanza." Tena kibao kilikwisha kuchongwa, chenye maneno hayo na cheni ndogo ya rangi ya dhahabu kuzunguka pembeni.

Kuna pia jambo la tatu, ambalo Corliss hakuliandika kwa sababu ni dogo. Kwa desturi ya karakana hii, kila fundi anapomaliza injini huandika jina lake na tarehe kwa rangi nyeupe nyuma ya kava la mbele, upande wa ndani, palipo na mafuta na giza. Hakuna anayeliona jina hilo mpaka siku injini itakapofunguliwa tena, labda baada ya miaka ishirini. Mafundi wote huandika. Verlin haandiki. Wageni wakiniuliza kwa nini, huwa nasema Verlin ni mnyenyekevu, hapendi makuu. Nimesema hivyo mara nyingi hata neno hilo likaanza kunitoka bila kufikiri.

Basi hayo ndiyo mambo matatu ambayo kila mtu anayajua kuhusu Verlin Teague: hupima mara tatu, anapenda cheni, na haandiki jina lake. Yote matatu yalianza siku moja. Na siku hiyo ni yangu mimi.

Nilipoajiriwa mwaka 1995, Verlin alikuwa mtu wa gia. Si kwamba alizipendelea tu, la. Alikuwa na kichaa nazo. Aliyekuwa mtu wa cheni ni Harlan, na hao wawili walibishana kila siku ya Mungu, kuanzia kahawa ya asubuhi mpaka kufunga milango.

"Verlin, ile mashine ya kusagia nyama uliyomfungia yule bwana imeamsha mbwa wa mtaa mzima."

"Afadhali mbwa waamke, bosi. Cheni zako zinalegea kama suruali yako."

Harlan aliupandisha mkanda na kuondoka akicheka. Alimpenda. Na wateja walimpenda, kwa sababu Verlin hakuhitaji kipimo. Alikuwa akiweka gia mahali pake, anaweka kidole cha shahada kwenye jino, anatikisa polepole, anafumba macho, halafu anataja nafasi iliyopo kati ya meno. Sisi hupima kwa elfu, yaani inchi moja ikigawanywa vipande elfu. Verlin alisema, "Elfu tatu," na Harlan, kwa ukorofi, alileta kipimo cha saa, kile chenye sindano. Ilikuwa elfu tatu. Nimeliona hilo kwa macho yangu zaidi ya mara ishirini, na sikuwahi kuona kidole kile kikikosea.

Februari 1997 Royce Dunnam alileta injini ya gari lake jeusi la mwaka 1932. Royce alikuwa dereva hasa, na mashindano ya Machi yalikuwa yanakaribia. Alitaka gia, na alitaka Verlin. Bloku ilipita kwanza kwangu, kwa sababu mashimo matano ambamo krenki inalala, ndiyo njia ya krenki, hayakuwa yamenyooka. Nikayanyoosha kwa mashine. Ukiyanyoosha, unaondoa chuma kidogo, na krenki inapanda juu, inaisogelea kamshafti. Niliondoa elfu sita, kama unene wa karatasi moja na nusu. Ukitumia cheni, chuma hicho kidogo kinaifanya ilegee. Ukitumia gia, meno yanabanana. Kwa hiyo kila bloku ina kadi iliyofungwa kwa waya, na mchongaji lazima aandike kiasi hicho, ili fundi aagize seti inayofaa.

Wiki ile nilikuwa na bloku sita. Namba niliziandika kwenye daftari langu na kadi nikazijaza mwishoni, zote pamoja, kwa kichwa. Kadi ya Royce, mstari wa njia ya krenki, niliuacha mtupu.

Ijumaa karibu na saa sita mchana Verlin alikuja upande wangu. Nje ukungu ulikuwa haujapanda, na ndani sote tulikuwa tunanawa mikono. Ijumaa karakana yetu hula kwa Wabasque, mkahawa wa watu wenye asili ya mpakani mwa Hispania na Ufaransa, kwenye zile meza ndefu. Mimi ni Mbasque, jina langu Maite Etchart, na binamu yangu ndiye aliyekuwa akigawa supu. Ukichelewa, ulimi wa ng'ombe wa siki umekwisha.

"Dada," alisema, "bloku ya Royce uligusa njia ya krenki?"

"Kadi inasemaje?"

"Haisemi kitu."

"Basi sikugusa."

Hakuondoka. "Gia zinanibana kidogo kidoleni."

"Mpya hizo, Verlin. Mpya zote hubana. Twende bwana, supu inapoa."

Alisimama pale kidogo, akisugua kidole gumba kwa kile cha shahada. Kisha akatufuata. Alasiri aliandika jina lake nyuma ya kava, akalifunga, na Jumamosi Royce akaja na gari la kukokota kuichukua injini yake.

Jumatatu nilifungua daftari kutafuta kitu kingine, nikaona: *Dunnam, elfu sita.*

Mashindano yalikuwa Jumapili. Nilikuwa na siku sita. Simu ilikuwa ukutani, hatua tatu kutoka mashine yangu. Nilijiambia elfu sita si nyingi. Nilijiambia gia zitajisaga zenyewe na kupata nafasi. Nilijiambia pia, na hili ndilo lilikuwa la kweli, kwamba Harlan alikwisha kunionya mara mbili, kwamba nilikuwa mwanamke wa kwanza kushika mashine zile, na kwamba wapo waliokuwa wakingoja kwa hamu nikosee mara ya tatu. Sikunyanyua simu.

Jumapili tulikuwa wote pale, tumekaa kwenye ngazi za mbao. Gari la Royce lilipita mara mbili likilia vizuri na Verlin alikuwa akitabasamu kwa masikio yote mawili. Mara ya tatu ule mluzi ulipanda, ukapanda mno, ukageuka kuwa ukelele. Verlin alisimama kabla ya mtu mwingine yeyote kuelewa. Kisha kishindo, mafuta yakamwagika chini ya magurudumu, na gari likaenda kugonga ukuta ubavuni. Royce alivunjika nyonga na mguu. Alipona, lakini hakushindana tena, na mpaka leo anatembea na fimbo.

Harlan aliifungua ile injini mbele yetu sote. Meno ya gia yalikuwa yamenyolewa. Akageuza kava. Jina lilikuwa pale, jeupe, safi: V. TEAGUE.

"Ulipima?"

"Kwa kidole, bosi."

"Kwa kidole!"

Harlan alichukua tambara, akalilowesha petroli, akalifuta lile jina mbele ya mwenyewe. Akasema gia haziingii tena katika karakana hii maadamu yeye yu hai. Kava akalipigilia ukutani juu ya mlango, tupu, na bado lipo. Wageni mkiuliza, mnaambiwa ni kava la kidole.

Verlin alisema neno moja tu. "Kilinidanganya." Alikuwa akikitazama kidole chake mwenyewe. Hakusema kwamba aliniuliza. Sijui alisahau kwa uchungu au aliniachia nafasi niseme mwenyewe. Nilikuwa nimesimama karibu naye kiasi cha kumgusa bega, na nilinyamaza. Harlan alifariki mwaka 2009 akiamini alivyoamini.

Siku iliyofuata Verlin alinunua vipimo vitatu. Akaanza kuwasomea wateja somo la cheni. Hakuandika tena jina lake.

Nimeishi na hilo miaka ishirini na saba, na sitaki mtu anionee huruma, maana nimeishi nalo vizuri. Nilipandishwa cheo. Nilipewa ufunguo wa mlango. Mafundi wachanga huniletea kadi zao nizikague, kwa kuwa inasemekana hakuna mtu makini kwa kadi kama Maite. Lakini Mei mwaka huu Corliss aliponiwekea mezani picha ya kile kibao, Mfalme wa Cheni tangu siku ya kwanza, nilijaribu kuandika wasifu huu mara tatu, na mara tatu kalamu ilifika mstari wa nne ikakataa.

Jumamosi asubuhi nilichukua lile daftari nikaenda kwa Verlin. Mkewe, Idella, alitupa chai ya barafu barazani akarudi ndani. Nilimpa Verlin ukurasa. Aliushika mbali na uso, kama wanavyofanya wote wenye umri wetu, akausoma muda mrefu kuliko maneno yaliyokuwapo.

"Sita?"

"Sita."

"Kwa hiyo zilibana kweli."

"Zilibana kweli, Verlin."

Nilitegemea atanitukana. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Badala yake akasema, taratibu, "Na nilikuuliza. Siku ile nilikuuliza, sivyo?"

"Uliniuliza."

"Mimi nilishajiambia sikukuuliza. Nilijiambia nimelitunga kichwani ili nipate mtu wa kumsukumia." Aliweka daftari juu ya goti. "Unajua nimewanyima watu wangapi, Maite? Wanakuja na furaha yao, nawaambia nunua filimbi. Mimi! Nimewaambia miaka ishirini na saba jambo ambalo mwenyewe silipendi, kwa sababu nilidhani nimelilipia."

Nilimwambia samahani. Neno hilo lilikuwa dogo mno pale barazani, na nililisema tena, likawa dogo zaidi.

"Nenda nyumbani, dada," alisema.

Hakuzungumza nami majuma mawili. Kazi iliendelea, kwa sababu kazi haingoji watu kupatana, lakini kila alichotaka kwangu alikiandika kwenye kadi na kukifunga kwa waya kwenye kipande husika. *Punguza elfu moja. V.T.* Siku moja nilikuta kadi imefungwa kwenye mpini wa jagi la kahawa: *Imekwisha. V.T.* Sikujua nicheke au nilie, nikatengeneza kahawa nyingine.

Nilimwambia Corliss, naye akakichukua kile kibao akakitia kabatini. Nilimpigia simu Royce Dunnam. Ana miaka sabini na minne sasa, na gari lake jeusi, lililokaa ghalani muda wote huo, alikuwa amelileta kwetu tangu Aprili ili injini ifungwe upya, atembee nalo tu mjini.

"Nimemlaumu mtu mwingine miaka ishirini na saba," alisema. "Niache na wewe nikulaumu angalau mwezi mmoja."

"Una haki, bwana Royce."

"Haki ninayo, mguu ndio sina." Alipumua. "Mwambie Verlin aniwekee gia."

Corliss aliridhia. Kwa hiyo injini ya mwisho ya Verlin Teague katika karakana hii, ya elfu moja mia tatu na sabini na mbili, ni bloku ileile ya Royce. Nililazimika kuinyoosha tena. Nilijaza kadi kila mstari, kwa wino mwekundu, nikaisoma mara tatu. Alasiri Verlin alikuja upande wangu wa ukuta, akiwa na kadi mkononi, akasimama palepale aliposimama mwaka ule.

"Dada. Uligusa njia ya krenki?"

Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu tangu barazani.

"Nimegusa. Elfu mbili zaidi. Na za zamani, jumla nane. Imo kwenye kadi."

"Kadi nimeiona," alisema. "Nilitaka nisikie."

Seti iliyotengenezwa kwa bloku za namna hiyo ilichukua siku tisa kufika. Tungeisubiri siku tisa mwaka 1997, Royce angekosa mashindano yale na angeshiriki mengine ishirini. Verlin aliziweka gia mahali pake. Wote tulikuwa tumesogea bila kuitwa. Vile vipimo vitatu vilikuwa vimepangwa mezani kama kawaida, lakini hakuvichukua. Aliweka kidole cha shahada kwenye jino.  Akatikisa. Akafumba macho.

"Elfu tatu," alisema.

Corliss ndiye aliyeleta kipimo cha saa, kama babake. Sindano ilisimama kwenye tatu.

Verlin akaomba rangi nyeupe. Kopo lake lilikuwa limekauka zamani gani sijui, na mtu akakimbia ofisini kuleta kile kichupa cha kufutia makosa kwenye karatasi. Kwa brashi yake ndogo aliandika jina lake nyuma ya kava, herufi moja moja, akalipuliza likauke.

Ningependa kuishia hapo. Ningeishia hapo kama ningekuwa mtu wa kuacha mistari mitupu kwenye kadi, na nimekoma.

Asubuhi iliyofuata injini iliwekwa kwenye stendi ya majaribio. Royce alikuwapo na fimbo yake, na wateja wa zamani saba au wanane. Corliss akaiwasha, akapandisha mafuta polepole, na ule mluzi ukatoka, mwembamba, safi, ambao haukuwa umesikika ndani ya kuta hizi tangu mwaka 1997.  Royce alivua kofia. Mimi nilimtazama Verlin, kwa maana nilikuwa nimeungoja uso wake muda mrefu.

Uso wake haukubadilika. Alitutazama mmoja mmoja, akaniinamia sikioni.

"Imeshaanza kulia?"

Miaka thelathini na minane ya mashine za kusaga chuma imemla masikio, wenzangu. Sauti nene anazisikia. Zile nyembamba zimekwenda, na hakujua kwamba zimekwenda, kwa sababu hapakuwa na kitu humu ndani cha kumjulisha. Gia ambazo zingemjulisha ndizo tulizozifukuza.

"Inalia, Verlin," nilimwambia.

"Vipi?"

Nilitafuta neno. "Kama zamani. Haikwaruzi. Inapanda na kushuka yenyewe."

Alitikisa kichwa kukubali. Kisha akasogea, akaweka kile kidole juu ya kava la mbele, akafumba macho, na akakaa hivyo mpaka Corliss alipoizima injini. Kisha akakiondoa. Alikipangusa kwa tambara na kwenda kusafisha meza yake.

Verlin, sasa nasema nawe mwenyewe, mbele ya wote wanaosoma jarida hili.

Wafanyakazi wote wa Karakana ya Pruitt wanakushukuru kwa injini zako, kwa ubishi wako, kwa keki iliyokatwa kwa haki. Ijumaa tutakula kwa Wabasque, na ulimi wa ng'ombe umewekewa sahani yako kabla ya mtu mwingine kuketi. Kibao cha Mfalme wa Cheni hutapewa. Corliss alitaka akupe lile kava la juu ya mlango, ukakataa, ukasema likae palepale na liseme ukweli. Basi linasema. Tangu Jumatatu lina kadi iliyofungwa kwa waya, kwa mwandiko wangu: *Dunnam, Februari 1997. Njia ya krenki: elfu sita. M. Etchart.* Ni mstari uliokosekana.

Hujaniambia umenisamehe, nami sitakuuliza. Majuzi ulinipita ukasema, "Kahawa imekwisha, dada," kwa mdomo wako, na hilo nimelipokea kama lilivyo. Wewe na Idella pumzikeni vizuri, mlale mpaka mchoke kulala, Jumapili asubuhi mkae barazani, na gari la Royce likipita mtaani Idella akushike mkono akwambie linalia.

Na lile nililopaswa kukwambia Ijumaa ile, kabla ya supu, nakwambia leo. Kidole chako kilikuwa sahihi.

Maite Etchart
Upande wa mashine